Mcheza kwao hutunzwa: Gemu inayotoa jasho sebuleni

Mwanzoni mwa mwaka 2020, nchi moja baada ya nyingine ilipofunga kumbi za mazoezi na kuwataka watu wakae ndani, barakoa na vitakasa mikono viliadimika madukani. Pamoja navyo iliadimika pete moja ya plastiki. Kuanzia Japani na China hadi Ulaya na Marekani watu waliisaka kwa udi na uvumba, na waliokuwa nayo ya akiba waliiuza kwa bei ya kuruka. Pete hiyo huuzwa pamoja na gemu iitwayo Ring Fit Adventure, ambayo kampuni ya Nintendo ya Japani iliitoa Oktoba 2019, miezi michache tu kabla ya Uviko-19 kuenea. Kufikia mwaka 2023, zaidi ya nakala milioni 15 zilikuwa zimeuzwa.

Idadi hiyo inastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu gemu hii haichezwi kwa kukaa. Mchezaji asipokimbia, mhusika wake kwenye runinga hakimbii. Asipochuchumaa na kuinuka, adui hapigwi. Katika nyumba nyingi za kwetu gemu ina sifa mbaya, na sifa hiyo imeipata kwa haki: kijana anakaa kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, pedi mkononi, na adhana ya magharibi inamkuta palepale, shingo imepinda na miguu imekufa ganzi. Mzazi anayemfokea hajakosea. Lakini ipo jamii nyingine ya gemu, yenye umri wa takriban miaka arobaini sasa, iliyobuniwa kwa nia ya kumtoa mtu kwenye kochi hilo. Je, inafaa? Mtu anaweza kweli kufanya mazoezi ya maana sebuleni kwake kwa kucheza?

Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja ambalo haliuzwi pamoja na mashine.

Pete, mkanda na joka

Tuanze na namna inavyochezwa. Mashine ya Nintendo Switch ina vidhibiti viwili vidogo, kila kimoja kinaenea kiganjani. Cha kulia huchomekwa kwenye pete. Cha kushoto hutiwa kwenye mfuko wa mkanda unaofungwa kwenye paja la kushoto. Pete ina kihisio kinachopima nguvu ya mikono yako unapoibana au kuivuta, na kidhibiti kilichofungwa pajani kinasoma mguu: unatembea, unakimbia, unainua goti au unachuchumaa.

Kabla ya yote gemu inakuuliza umri na uzito, inakutaka uibane pete kwa nguvu zako zote ili ikupime, na inakuuliza unataka kazi ngumu kiasi gani. Mama wa miaka sitini na kijana wa ishirini hawapewi mzigo mmoja. Kisha inakuongoza kunyoosha viungo, na hapo safari inaanza. Unakimbia papo hapo bila kusogea hatua, na kwenye runinga mhusika wako anakata mbuga. Ukiielekeza pete mbele na kuibana, inatoa upepo unaovunja masanduku njiani. Ukifika kwenye ngazi, unapaswa kuinua magoti juu ndipo apande.

Kazi hasa iko kwenye mapambano. Adui mkuu ni joka lenye misuli iliyotuna, jina lake Dragaux, likiwa na kundi la vibaraka wake. Kumpiga adui ni kufanya zoezi. Mazoezi ya mikono yamepewa rangi nyekundu, ya tumbo njano, ya miguu buluu, na ya yoga kijani. Kadiri unavyosonga mbele, adui mwenye rangi fulani huumia zaidi kwa zoezi la rangi yake, hivyo mtu anayependa kukuza mikono peke yake anajikuta amefanya na miguu na tumbo. Zamu ya adui ikifika, unajikinga kwa kuikandamiza pete tumboni huku umekaza misuli.

Chukua zoezi la skwati. Unashuka, skrini inakuonyesha umefika wapi, unasubiri kidogo chini, unainuka: moja. Ukishuka nusunusu, pigo lako linakuwa dhaifu. Ikifika ya kumi na tano mapaja yanawaka, jasho linadondoka kidevuni, na bado adui amebakiwa na uhai kidogo tu. Ni nadra mtu kukubali kuacha hapo. Anaongeza tano nyingine ambazo asingezifanya kama angekuwa peke yake mbele ya ukuta.

Mwisho wa awamu, unaweka kidole gumba juu ya kamera ndogo ya kidhibiti na gemu inasoma mapigo ya moyo wako. Inakuonyesha pia kalori, umbali, na muda ambao mwili umefanya kazi. Muda huo hauhesabu kusoma maelezo wala kuchagua silaha, kwa hiyo aliyesimama mbele ya runinga nusu saa anaweza kuandikiwa dakika kumi na tano. Napenda ukweli huo. Mashine inayokuhesabia jasho peke yake inakuheshimu.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania analijua jambo hili kwa jina la mchakamchaka. Alfajiri wanafunzi wanakimbia kwa mistari, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, vumbi linatimka, na mtoto ambaye asingekubali kukimbia peke yake hata hatua mia anajikuta ameuzunguka mtaa mzima. Wimbo haupunguzi kazi ya miguu. Unainyima akili nafasi ya kuuhesabu uchovu. Gemu nzuri ya mazoezi inafanya kazi ileile.

Safari ya miaka arobaini

Wazo hili si geni. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilianza mradi ulioitwa Puffer, wa kuunganisha baiskeli ya mazoezi na gemu. Biashara ya gemu Marekani ikaporomoka, na mradi ukafa kabla ya kufika sokoni. Mwaka 1986 Bandai ya Japani ilitoa mkeka wa kukanyaga, ambao Nintendo iliuza Marekani mwaka 1988 kwa jina la Power Pad. Watoto wakashindana riadha juu ya vitufe kumi na viwili, ingawa wajanja waligundua upesi kwamba ukipiga magoti na kuupiga mkeka kwa viganja, unashinda mbio bila kuchoka.

Mwaka 1998 Konami ilileta Dance Dance Revolution katika kumbi za michezo za Japani. Muziki unalia, mishale inapanda kwenye skrini, na mchezaji anakanyaga juu, chini, kushoto au kulia kwa wakati wake. Hapa ujanja wa viganja haukusaidia. Muziki ukichanganya, miguu haina budi kuchanganya. Januari 2006 jimbo la West Virginia, lililokuwa likihangaika na unene wa watoto, lilitangaza mpango wa kuiweka gemu hiyo katika shule zake zote 765 za umma. Gemu iliyokuwa ikilaumiwa kwa kuwakalisha watoto ikaingia kwenye kipindi cha michezo.

Novemba mwaka huohuo ikatoka Wii ya Nintendo, na gemu za mwili zikaingia rasmi sebuleni. Kidhibiti chake kilisoma mwendo wa mkono, na gemu ya Wii Sports ilikuwa na tenisi, besiboli, boling, gofu na ndondi. Babu asiyejua kitufe kipi ni kipi aliweza kucheza, kwa sababu alichotakiwa kufanya ni kurusha mkono kama anarusha mpira. Nyumba za wazee Marekani zikaanzisha mashindano ya boling ya runingani.

Mbunifu mashuhuri wa Nintendo, Shigeru Miyamoto, ndiye huyohuyo aliyembuni Mario, mhusika maarufu wa gemu. Alikuwa na mazoea ya kupanda mizani kila siku na kuandika uzito wake, na aliona kwamba kule kuufuatilia uzito siku hadi siku kulikuwa na raha yake. Mazoea hayo yakazaa Wii Fit, iliyotoka Japani Desemba 2007: ubao mweupe wa kusimamia, wenye vihisio vinne, kimoja kila pembe. Ukipanda, nukta nyekundu inatokea kwenye skrini kuonyesha uzito wa mwili umeegemea wapi. Wengi waligundua siku hiyo kwamba husimama kwa kulalia mguu mmoja. Katika gemu moja ya ubao huo unapiga mipira kwa kichwa kwa kuegemea huku na huku; katikati ya mipira hurushwa viatu na vichwa vya panda, na ukikosea navyo vinakugonga usoni. Wii Fit iliuza zaidi ya nakala milioni 22.

Novemba 2010 Microsoft ilitoa Kinect, kamera iliyousoma mwili mzima bila kushika chochote, lakini mwaka 2017 ikaacha kuitengeneza. Waendesha baiskeli nao wakapata Zwift mwaka 2014: baiskeli halisi inafungwa kwenye kifaa chumbani, na kadiri unavyokanyaga ndivyo unavyokwenda kwenye barabara ya skrini, kukiwa na watu wa mabara mengine pembeni yako. Desemba 2020 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli liliandaa huko ubingwa wa dunia wa kwanza wa aina yake. Upande wa wanawake bingwa alikuwa Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Mwafrika alitwaa taji la dunia akiwa juu ya baiskeli isiyotoka chumbani.

Wataalamu wanasemaje

Historia hiyo ina shangwe nyingi, lakini mwili haudanganywi na shangwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores, Uingereza, waliwapima vijana 11 wa miaka 13 hadi 15 wakicheza Wii Sports, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007 katika jarida la madaktari la BMJ. Vijana walitumia nguvu nyingi zaidi kuliko walipocheza gemu ya kukaa. Hata hivyo, nguvu hizo zilikuwa pungufu ya zile ambazo mtu hutumia akicheza mchezo wenyewe uwanjani. Na michezo haikulingana: tenisi na ndondi zilidai zaidi kuliko boling.

Mwaka 2012 ulikuja utafiti uliowanyamazisha wapenzi wengi wa gemu hizi. Tom Baranowski na wenzake wa Chuo cha Tiba cha Baylor, mjini Houston, waliwapa watoto wa miaka 9 hadi 12 mashine za Wii wakacheze nyumbani. Nusu walipewa gemu za kuchezesha mwili, nusu gemu za kukaa. Watoto walivaa vipimo vya mwendo, na baada ya takriban miezi mitatu makundi mawili yakalinganishwa. Hayakutofautiana. Waliopewa gemu za kuruka na kupiga ngumi hawakuonekana kujongea zaidi ya wenzao.

Soma tena matokeo hayo kabla hujaenda dukani. Watoto waliachiwa mashine, basi. Hawakupangiwa saa wala siku. Mtoto akipewa kifaa kipya atakivamia wiki ya kwanza, wiki ya tatu atakizoea, na mwezi wa pili atajifunza kukicheza akiwa amekaa, akitikisa kifundo cha mkono tu. Pengine pia, akishacheza ndani, anaona amemaliza zamu ya siku hiyo na hatoki tena kukimbia nje.

Utafiti wa tatu unaeleza jambo hilo kwa upande mwingine. Mwaka 2016 jarida la Lancet Neurology lilichapisha matokeo ya jaribio lililoongozwa na daktari Gustavo Saposnik wa Toronto. Wagonjwa 141 waliopata kiharusi na kudhoofika mkono waligawanywa: wengine walitumia Wii kuunyoosha mkono, wengine walicheza karata, bingo na michezo mingine ya kawaida. Kila mmoja alipangiwa vipindi kumi vya saa moja katika wiki mbili, pamoja na matibabu yake ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na Wii haikuishinda karata.

Weka tafiti hizo mbili pamoja. Houston palikuwa na mashine bila ratiba, na mwendo wa watoto haukuongezeka. Toronto palikuwa na ratiba, na waliopewa karata walipata nafuu sawa na waliopewa mashine. Hilo ndilo sharti nililolitaja mwanzoni. Kinachoujenga mwili ni kurudia: siku ileile, saa ileile, wiki baada ya wiki. Gemu ina thamani kwa kadiri inavyokufanya urudi. Ikikurudisha, imefanya kazi kubwa. Isipokurudisha, ni pambo la sebule.

Kwa nini nyumbani

Msomaji atauliza, mbona barabara zipo na ni za bure? Zipo, na mwenye nafasi ya kuzitumia azitumie. Tanzania imewahi kutangaziwa siku ya mazoezi: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwataka wananchi waitenge Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi. Vikundi vya jogging vinaonekana Dar es Salaam alfajiri za mwisho wa wiki, vimevaa fulana za rangi moja, vinaimba barabarani. Kigali imekuwa ikifunga baadhi ya barabara kwa magari siku maalumu tangu mwaka 2016 ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Yote hayo ni mema.

Lakini mtazame mama anayefika nyumbani saa moja usiku akiwa ametoka kazini, kwenye mtaa usio na taa wala njia ya waenda kwa miguu, bodaboda zikipishana kwa kasi. Mtazame binti wa Zanzibar au Lamu ambaye hapendi kukimbia mbele za watu, na asiyewajibika kumweleza mtu sababu yake. Mtazame mtu mnene anayezomewa na watoto siku ya kwanza anapotoka na raba mpya. Mtazame baba mwenye mtoto mchanga asiyeweza kuachwa peke yake. Ongeza jua la Pwani mwezi Februari na mvua za masika mwezi Aprili. Kuwaambia hawa wote watoke wakakimbie ni rahisi kwa anayesema.

Shirika la Afya Duniani lilieleza Juni 2024 kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani, karibu watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa katika mwaka 2022. Wanawake walikuwa asilimia 34, wanaume 29. Kiwango chenyewe si cha wanariadha: dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli walau siku mbili. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mtu anayekosa njia ya kuzipata nje anastahili kuzipata ndani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, bila kuonekana na mtu.

Hapa ndipo gemu inapotoa msaada ambao kipimo cha kalori hakiuonyeshi. Haikucheki. Haikulinganishi na kijana aliye kwenye mashine ya jirani. Ukishindwa leo, joka linakusubiri kesho palepale ulipoliacha. Kwa mtu aliyekimbia ukumbi wa mazoezi kwa sababu ya macho ya watu, hilo si jambo dogo.

Bei, na njia za wenye mfuko mdogo

Tuseme ukweli kuhusu gharama. Ring Fit Adventure ilitoka Marekani kwa dola 79.99, na mashine ya Nintendo Switch yenyewe dola 299.99. Ukizigeuza kuwa shilingi za Tanzania, unakaribia milioni moja kabla ya usafirishaji na ushuru. Familia nyingi haziwezi, na wala hazina sababu ya kujilaumu.

Zipo njia nyepesi. Gemu ya kucheza muziki, Just Dance ya kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft, tangu mwaka 2014 ina toleo la Just Dance Now linalotumia simu janja: simu unaishika mkono wa kulia, skrini yoyote yenye intaneti inakuonyesha mchezaji wa kumfuata, na simu inasoma mkono wako na kukupa alama. Kinachohitajika ni bando na nafasi ya kunyoosha mikono. Onyo moja: kwa kuwa simu inasoma mkono mmoja tu, mtu anaweza kupata alama nzuri huku miguu imesimama. Ukifanya hivyo, umeidanganya simu na umejidhulumu mwenyewe. Wenye PlayStation 2 za zamani wanaweza kutafuta mkeka wa kukanyaga uliotumika. Uko duni kwa sura lakini unatoa jasho lilelile.

Na asiye na chochote kati ya hivyo asidhani amefungiwa mlango. Rede, kombolela na kuruka kamba ni michezo yenye alama, zamu, ushindi na kushindwa, yaani kila kitu ambacho wabunifu wa gemu wanalipwa kukitengeneza. Kamba ya kuruka inatosha uani. Watoto wakihesabiana kwa sauti, hakuna skrini inayoweza kuwashinda.

Tahadhari kabla ya kuruka

Mazoezi ya gemu ni mazoezi kamili, na yanaumiza kama mengine yakifanywa ovyo. Mwaka 2007 daktari wa Hispania, Julio Bonis, aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba aliamka na maumivu makali ya bega baada ya kucheza tenisi ya Wii kwa saa kadhaa. Mkono ulifanyishwa kazi ya saa nyingi bila maandalizi. Mwishoni mwa 2006 Nintendo ililazimika kujitolea kubadilisha kamba milioni 3.2 za vidhibiti vyake, kwa sababu zilikuwa zikikatika na vidhibiti kuruka, baadhi vikiishia kwenye runinga.

Kwa hiyo sogeza meza ya kioo. Kwenye vigae usiruke na soksi. Vaa raba au weka mkeka usioteleza. Hakikisha mikono haigusi feni wala mtoto aliyesimama nyuma yako. Ukikaa ghorofani, washa hali ya kimya ambayo Ring Fit Adventure inayo: badala ya kukimbia, unachuchumaa kidogokidogo, na jirani wa chini analala kwa amani. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, magoti mabovu au ujauzito azungumze na daktari kwanza, kisha aanze na kiwango cha chini kabisa. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, acha papo hapo, hata kama adui amebakiza pigo moja.

Kipimo cha ukali hakihitaji kifaa. Ukicheza huku unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani kinachopendekezwa. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza bidii. Usipoweza kutamka hata sentensi fupi bila kuvuta pumzi, umefika kiwango cha juu. Anayeanza asikae huko muda mrefu.

Panga saa kabla ya kununua mashine

Wazazi wenzangu, msinunue gemu hii mkamwachia mtoto na kuondoka. Houston imeshatuonyesha mwisho wake. Chagueni siku na saa, kama mnavyochagua siku ya kwenda msikitini au kanisani, na nyumba nzima ijue kwamba saa hiyo sebule ni uwanja. Ingieni wenyewe. Mtoto anayemwona mama yake akihema mbele ya runinga na kucheka akiwa amelowa jasho anajifunza mengi zaidi kuhusu afya kuliko atakavyojifunza kwa hotuba kumi. Msiitumie gemu kama mbadala wa kutoka nje. Jua, mpira wa mtaani na marafiki vina kazi ambayo skrini haiifanyi. Na msiikebehi pia. Kwa mwanamke aliyebanwa na saa za kazi, kwa mzee anayeogopa kuanguka barabarani, kwa kijana anayeona aibu ya mwili wake, dakika ishirini za kupigana na joka zinaweza kuwa dakika za kwanza za mazoezi tangu alipomaliza shule.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, fanya hivi: wiki hii chagua siku tatu, kila siku dakika ishirini, ukimbie papo hapo, uchuchumae na kufuata muziki ulio nao kwenye simu. Ukizimaliza siku hizo tatu kwa wiki nne mfululizo, mashine itakusaidia kwenda mbali zaidi. Ukishindwa, hifadhi fedha zako, tafuta mwenzako wa kufanya naye, na uanze tena Jumatatu.